Majasi ya Mama na Bua la Mtama

Mama yangu ana majasi. Siku hizi ukimtajia msichana wa mjini majasi anadhani unamtukana. Ni vipande viwili vya mpingo, mviringo, vinene kama kidole changu cha mwisho, na usoni vimebandikwa fedha. Havining'inii kama hereni. Vinakaa ndani ya tundu la sikio lenyewe, na tundu hilo lazima ulikuze. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wake. Kwetu milimani vitu vya namna hiyo vinashuka kwa upande wa mama, kwa hiyo kaka zetu walikaa pembeni wakala mihogo yao kwa amani. Vita ilibaki kwangu mimi na mdogo wangu.

Vita yenyewe ilianza siku ya Idi, tumepanda wote kwenda kumsalimia mama. Tumemaliza pilau, mama akasema, "Masikio yangu yamelegea. Juzi jasi moja limedondokea kwenye mboga, nusura nilitafune. Nataka nimpe mmoja wenu."

Mdogo wangu hakungoja hata akauke mikono. Yeye anauza vitunguu Dumila, pale njia panda, na mtu anayepigia kelele mabasi kutwa nzima hawezi tena kuongea taratibu.

"Mama, nipe mimi! Dada anajifunga ushungi mpaka kwenye nyusi. Ukimpa yeye ni sawa na umeyazika. Mimi watu wataniona, mabasi yote ya Dodoma yanasimama pale kwangu."

"Kwa hiyo urithi wa bibi ukatangaze vitunguu," nikamwambia.

"Bora vitunguu kuliko giza, dada."

Mama akatuacha tuchoke. Halafu akasema, "Sitoi kwa mdomo. Natoa kwa sikio. Mwakani bado, Idi ya mwaka wa pili kutoka leo, atakayekuja tundu limefika na sikio ni zima, atachukua."

Mimi nilisikia maneno yote. Mdogo wangu alisikia mpaka "tundu limefika."

Niliporudi Morogoro, kabla sijagusa sikio, nilikwenda kwanza kumuuliza bi mkubwa anayetufundisha darasa la akina mama msikitini. Ni mtu ambaye hajibu kitu mpaka arekebishe miwani. Akairekebisha. Akasema, "Mimi singekushauri. Lakini kama umeshaamua, mwili wako ni amana. Usijidhuru, utaulizwa." Nikaifanya hiyo ndiyo sheria ya kazi: siku nitakayoumia, ndiyo siku niliyokosea. Shule yangu mimi ni ya jioni, niliisoma ukubwani nikisinzia juu ya dawati, lakini somo la baiolojia liliniachia jambo moja kichwani. Nyama iliyo hai haipokei amri ya haraka.

Nikaanza na njiti ya chelewa, kama tunavyowawekea watoto. Naichemsha, naipaka mafuta ya nazi, naipitisha baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelainika. Mume wangu ni seremala. Nikamwomba anichongee vijiti vya mpingo, kila kimoja kimzidi mwenzake unene kidogo tu, avipige msasa mpaka viteleze. Alivichonga, lakini alinilipisha kwa maneno.

"Mke wangu, hilo handaki ni la nini? Reli mpya imeshapita, hawahitaji tena sikio lako."

"Chonga."

"Nachonga. Nauliza tu kama na stesheni itakuwepo."

Kijiti kikiingia, nakiacha miezi. Naosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nakanda ndewe, nyama laini ya chini ya sikio, kwa mafuta, nanawa mikono kwanza kama nakwenda kuswali. Nikiona wekundu au nikisikia linachonyota, natoa, narudi kwenye kijiti chembamba, nangoja. Sikuona aibu kurudi nyuma. Sikuongeza unene mpaka kijiti kianze kuingia chenyewe, kama mgeni aliyeizoea nyumba. Hakuna lolote la ajabu hapo, ni subira tu, na subira watu wengi wanaisifia pale anayengoja foleni ni mwenzao.

Darasani wenzangu waligundua siku moja tukitia udhu. Mmoja, mwenye kucha za kubandika ndefu kama vijiko, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani, mwenzetu anatoboa mlango! Umri huu? Na dini yote hiyo?"

"Mlango wangu maji yanapita," nikamwambia. "Wewe hizo kucha maji yanapitia wapi?"

Wiki iliyofuata alikuja na kucha zake alizozaliwa nazo. Hakunisalimia, lakini udhu wake ulikuwa safi.

Mdogo wangu huko Dumila alikuwa na njia zake. Kila mara ananitumia picha kwenye simu. Mara ametia kifuniko cha kalamu sikio la kulia, la kushoto likingoja zamu. Mara kifuniko kimeondoka, kimekuja kitu kinene zaidi, na ndewe imekuwa nyekundu, inang'aa kama nyanya. Chini ameandika, "Dada bado uko kwenye njiti?" na visura vya kucheka mpaka mwisho wa kioo. Nikampigia.

"Hilo sikio linauma?"

"Kidogo. Urembo lazima uume."

"Nani kakwambia?"

"Wote wanajua."

"Hao wote wana masikio mangapi? Toa hicho kitu, upumzishe."

"Unataka nichelewe ili ushinde. Nakujua dada, tangu utoto unashinda kwa kunichosha."

Hapo alisema kweli, lakini haikuwa dawa ya sikio.

Kisha akasikia kwa mteja mmoja kwamba watu wa zamani walitumia bua la mtama. Kweli walitumia. Bua kavu ni jepesi, na likipata maji linavimba taratibu na kusukuma tundu. Mteja hakumwambia kwamba watu wa zamani walikata kipande chembamba kuliko tundu, na mvua ikitanda walikitoa. Mdogo wangu alikata kipande kinene, akakipaka mafuta ya kupikia, akakisukumiza kwenye sikio la kulia. Ilikuwa masika. Mchana wa siku hiyo hiyo mvua ikamkuta barabarani anafunika vitunguu kwa turubai, na kwa kuwa anapenda kuonekana, kichwani hakuwa na kitu.

Jioni simu ikalia. Sauti ya kupigia mabasi ilikuwa imekwisha.

"Dada, njoo. Sikio limekuwa andazi. Bua halitoki."

Nilikwenda. Ningeweza kusema nilikwenda kwa huruma tupu, lakini njiani kwenye basi nilicheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahamisha mfuko wake. Nilipomwona nikaacha kucheka. Sikio limevimba mpaka shavuni, na bua limejaa mle ndani kama kizibo.

Kule zahanati nesi akawasha taa, akachungulia, akamtazama mdogo wangu usoni.

"Mama, shambani pamejaa? Mbona umepanda mtama huku?"

Walilikata bua vipande vipande wakalitoa. Ndewe ilikuwa imeshachanika chini, wakaishona, wakampa dawa na onyo: sikio hilo lisiguswe tena. Alinishika mkono muda wote wa kushonwa. Alama za kucha zake bado ninazo.

Idi ya mwaka wa pili ikafika. Tukapanda. Mama aliniita dirishani kwenye mwanga, akanivua ushungi, akanipapasa masikio yote mawili kama mtu anayenunua parachichi. Akavuta, akanusa vidole vyake.

"Hayanuki," akasema. "Hayana kovu. Sawa."

Akavua majasi yake, akayaosha, akayatia mwenyewe. Yaliingia bila kunisukuma. Nilihisi uzito mdogo wa baridi, basi. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, ili na mtu mwingine asikie.

Mtu mwingine alikuwa mlangoni, ndewe ya kulia ina mshono kama mkia wa panya.

"Haya," akasema. "Mrembesheni. Atatoka hapo atayafunika, na nani atajua?"

Mama akageuka. "Wewe uliwahi kuniona nayo sokoni?"

"Mama, si ulikuwa unayavaa kila siku?"

"Nimekuuliza sokoni."

Mdogo wangu akaanza kuhesabu siku za soko kwa vidole. Mimi mwenyewe ilibidi nifikirie. Nje mama alikuwa daima na kanga kichwani. Majasi tuliyajua sisi, tuliolala mapajani kwake tukiyachezea anaposuka ukili. Watu wa njiani na wa sokoni hawakuwahi kuyaona.

Mdogo wangu akanigeukia.

"Basi dada, nipe moja. Sikio la kushoto lipo zima."

"Hapana."

"Moja tu. La Idi."

"Tundu lako la kushoto ni la sindano. Utalisukumia na nini, bua?"

Mama alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Mdogo wangu akanuna, halafu naye midomo ikaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Haya, nianze upya na hili la kushoto. Likifika, siku wewe umechoka kuyavaa, yawe yangu."

"Nikichoka au nikifa?"

"Mimi nimesema kuchoka. Kufa umesema wewe."

Nikatoka uani, nikachomoa chelewa moja kwenye ufagio mpya wa mama, nikaimenya, nikaichemsha. Nikamwambia anawe mikono kwanza. Akanawa. Nikampa. Akaigeuza geuza, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama.

"Dada, nene kidogo hakuna?"