Cherehani Ndani ya Lifti

Lifti ya jengo lile la ghorofa nne ilikufa kabla kijana wetu hajazaliwa, na kama marehemu wengi, iliacha nafasi ambayo walio hai walijua kuitumia. Mama yake aliingiza humo cherehani, kigoda na kioo chenye ufa, akavuta waya wa taa kutoka kwa jirani, akaanza kushona. Mwenye jengo alipoona kitu kibovu kinaleta kodi, alitangaza kuwa hajapata kuona lifti nzuri kama ile. Watu wakamwita mama yule Mama Lifti, na mwanawe akatambaa na kuota meno katikati ya vitambaa, akiamini kwamba lifti ni aina ya chumba cha kushonea. Baadaye alisikia kuwa lifti za watu wengine hupanda na kushuka. Aliliona hilo jambo dogo.

Ndiyo maana vijana walipoitwa kusailiwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi wa lifti ng'ambo, na jopo likamuuliza kama ana uzoefu wowote na lifti, alijibu kwa moyo mweupe: "Nimekulia ndani yake."

Wajumbe wakatazamana. Waliomtangulia wote walikuwa wamesema wako tayari kujifunza. Huyu, walinong'onezana, anayo kwenye damu. Wakampa nafasi.

Huko ng'ambo, siku ya kwanza, mwalimu alibonyeza kitufe, sakafu ikanyanyuka, na mwanafunzi mwenye uzoefu akamkumbatia mwalimu wake kiunoni. Mwalimu yule alikuwa mtu mkavu, asiyecheka bila sababu, na sababu hakuwa ameziona nyingi. Alimbandua kidole kimoja kimoja, kisha akamfundisha sheria ya kwanza ya kazi: "Lifti iliyotoka kutengenezwa haimpandishi mtu mpaka imepandisha mzigo. Mzigo hauachi mjane."

Kijana alirudi na cheti, ovaroli la rangi ya machungwa na tabia mpya ya kufunga milango polepole. Mtaani wakambandika jina la Ng'ambo. Jina alipata, kazi hakupata. Jengo lenye lifti lilikuwa moja tu mtaa mzima, na lifti yenyewe ilikuwa na mpangaji.

Mwishowe mwenye jengo akamwita. "Kijana, wapangaji wa juu wanataka kuhama. Yule wakili wa ghorofa ya nne anasema wateja wake wakifika juu wanakuwa wameshasahau kesi. Ifufue hiyo lifti, nikuajiri hapa na kwenye jengo langu jipya la mtaa wa pili. Ukishindwa, naita kampuni."

"Na mama je, mzee?"

"Mama ni wako, si wangu."

Mama Lifti alikuwa akikunja pindo la suruali, pini zimejaa mdomoni. Pini hazikupata kumzuia kusema.

"Kwa hiyo nimeshona mpaka macho yameingia ndani, ukaenda ng'ambo kusomea namna ya kunifukuza."

"Sikufukuzi, mama. Nakuhamisha."

"Hata maiti huhamishwa."

Fundi viatu, ambaye kiti chake kilikuwa chini ya ngazi na masikio yake kila mahali, alidakia: "Dada, shukrani ya punda ni mateke. Mimi wa kwangu nilimwambia asomee ualimu."

"Wa kwako hakusoma chochote."

"Ndiyo. Lakini hajanifukuza."

Mama alitema pini kiganjani. "Sikiliza, mwanangu. Hapa sitoki kwa miguu, na ngazi magoti yangu hayaziwezi. Kama chumba hiki kinapanda kweli, kinipandishe mimi na cherehani yangu mpaka juu. Kikinifikisha, nimehama. Kikikwama, narudi mahali pangu, na wewe unakaa hapa ujifunze kukata kola."

Wakati wa kazi alikubali kumpisha, kwa shingo upande, akashonea mlangoni. Ng'ambo alibadilisha kamba za chuma, akapaka reli grisi, akaisuka mota upya. Shimoni, chini ya lifti, aliokota vifungo vya kujaza ndoo pamoja na mkasi mkubwa ambao mama yake alikuwa akimshuku fundi viatu kuuiba tangu zamani.

"Nadai radhi zangu," alisema fundi viatu.

"Subiri kwanza nijue uliutupaje humo," alijibu Mama Lifti.

Mota iliponguruma, wapangaji walishangilia, kisha wakaona mifuko ya saruji ikiingizwa. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena.

"Saruji inapanda lifti, binadamu tunapanda ngazi!" wakili alihema. "Ni sheria gani hii?"

"Ya mwalimu wangu."

"Weka watu, kijana!" mwenye jengo alifoka. "Au niite kampuni?"

"Bado, mzee."

Safari iliyofuata breki iliteleza, saruji ikashuka nusu ghorofa kwa haraka isiyo na adabu. Hakuna aliyetaja tena kampuni. Ng'ambo alibadilisha breki, akarudia mzigo mpaka akaridhika, kisha akasimama kando ya mlango. "Sasa. Karibu, mzee."

Mwenye jengo alikumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri. Wakili akasema ngazi ni mazoezi. Wote walikuwa wamempangusa kamasi Ng'ambo utotoni, na ni vigumu kumwamini mtu uliyempangusa kamasi.

"Pisheni," alisema Mama Lifti, akaingia na kigoda chake, cherehani ikafuata mikononi mwa Ng'ambo.

Sakafu iliponyanyuka, alimshika mwanawe kiunoni kwa mikono yote miwili. Ng'ambo hakumbandua hata kidole.

Juu kulikuwa na ukumbi mpana, dirisha kubwa, mwanga wa kutunga uzi bila miwani, na benchi lililojaa wateja wa wakili wenye mikono ya makoti iliyochakaa. Mama aliwatazama kama mkulima anavyotazama mvua.

"Niwekee hapa."

"Amefika?" mwenye jengo alipaza sauti kutoka chini.

"Amefika!"

"Basi kazi umepata! Mshushe!"

"Sishuki!" alijibu Mama Lifti. "Na mwambieni fundi viatu aje achukue radhi zake."

Lifti ilishuka tupu, ikafungua mlango. Fundi viatu aliichungulia, akazitazama ngazi, akaichungulia tena, kisha akauliza kwa upole kama umebaki mfuko mmoja wa saruji wa kumsindikiza.