Redio ya Nyasani Iliyoijua Sabato

Joash Onsongo alikuwa fundi wa redio pale Keroka, na kiburi chake kilikuwa cha kadiri tu, si haba kwa fundi. Kazi alijifunza Kisii mjini kwa Mhindi mmoja aliyemfagilisha duka mwaka mzima kabla ya kumruhusu kushika chuma cha kulehemu. Mwaka huo wa 1971 alikuwa na kibanda cha mabati, mke, ng'ombe mmoja wa maziwa, na neno la mtu aliyekwisha kufa lililomkaa kifuani asiweze kulitema wala kulimeza.

Neno lenyewe lilitoka kwa Mzee Josiah Nyasani. Huyo alikuwa Msabato asiyepinda, mwenye shamba la chai juu ya kilima upande wa Nyamira. Miaka miwili nyuma, Jumamosi moja, alitoka kanisani akamkuta mwanawe wa pekee, Makori, ameketi kwenye benchi la Onsongo anasikiliza mpira. Onsongo ni Mkatoliki. Kwake Jumamosi ni siku ya kazi, tena siku ya kufungulia redio mpaka mabati yatetemeke. Yeye ndiye aliyekuwa amemwita kijana aingie. Mzee hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, Biblia kwapani, akasema taratibu:

"Onsongo, umemfungulia mwanangu redio siku ya Bwana. Iko siku utafungua redio na haitakujibu."

Wiki hiyo hiyo baba na mwana waligombana, Makori akaondoka bila kuaga wala kusema aendako. Watu walicheka lile neno la mzee, kisha wakaacha kucheka, maana maneno ya wazee huko kwetu hayachekwi mara mbili.

Sasa Nyasani mwenyewe alikuwa amekufa. Alianguka Jumamosi asubuhi, mkono mmoja ndani ya koti la kanisani, mwingine nje. Walimtafuta Makori kila pembe wakamkosa. Walimzika upande wa kulia wa nyumba yake, na udongo wa kwanza, uliokuwa wa mwanawe kuutupa, ukatupwa na mpwa.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Alhamisi, mjane wake aliingia kibandani na redio imefungwa kwa kanga mgongoni, kama mtoto. Jina lake Esnah Kwamboka, mwanamke mfupi asiyependa kupoteza maneno.

"Onsongo, baba, hii redio imekataa. Tangu msiba hatukuigusa. Juzi nimeiwekea mawe mapya ya betri, sita yote, nikafungua. Kimya."

Kisha akatoa barua kifuani. Ilikuwa imelowa mvua njiani, muhuri wa posta umekuwa doa la wino, lakini mwandiko wa ndani ulisomeka. Makori aliandika mistari miwili tu: Jumapili hii saa kumi jioni, kwenye kipindi cha salamu, sikilizeni. Hakuandika yuko wapi.

"Kwa salamu wanasemanga mtu anatoka wapi," Esnah akasema. "Nikikosa hiyo Jumapili, nimekosa mtoto. Hata hajui baba yake alilala."

"Si usikilize kwa jirani, mama?"

"Nyumba ya baba yake iko, na redio ya baba yake iko. Nitaenda kumpokea mtoto wangu kwa watu?"

Onsongo akainamia kazi. Aliifungua, akaunganisha ndani yake waya mbili za sanduku lake la mawe, lile alilojaribia redio zote. Akazungusha swichi, na jasho likamtoka kabla ya sauti kutoka. Ikasema! Ilikwaruza kidogo, basi akabadilisha swichi, akalehemu vizuri, akafunga. Redio ikaimba kwaya nzima pale mezani, na moyo wake ukaimba nayo.

Ijumaa mapema Esnah alirudi, redio mgongoni.

"Nyumbani imenyamaza."

Onsongo akaunganisha sanduku lake. Redio ikasema pale pale, wazi kabisa. Esnah akaitazama, halafu akamtazama fundi.

"Kwako inaongea. Kwa nyumba yake inakataa. Drusilla, yule dada ya mzee, anasema mwenyewe hajaruhusu."

Hapa na mimi nimlaumu Onsongo, maana fundi mzima alipaswa kusema: lete mawe yako tuyatie humu humu. Lakini jambo hili halikuwa geni. Hakuna mtu wa Keroka aliyempelekea fundi redio yenye mawe ndani. Mafundi walisifika kwa kuyapora mapya na kurudisha yaliyochoka, basi kila mtu aliyaacha nyumbani, chini ya kitanda, na fundi naye alizoea kutoyauliza. Kuuliza kulikuwa kama kukiri wizi. Onsongo hakuuliza. Tena alikuwa amekwisha kuogopa, na mwoga hafikiri, husikiliza tu. Siku nzima alisikia lile neno: haitakujibu. Kila redio aliyoifungua ilichelewa kidogo kabla ya kusema, au ndivyo alivyoona yeye.

"Jumapili nitakuja mwenyewe," akamwambia.

Jumapili alipotoka misani alipanda kilima kwa miguu, tochi mfukoni na bisibisi kwenye soksi. Ukungu ulikuwa umekalia chai, na kaburi lilikuwa bado halijaota nyasi. Alipolipita alijikuta amevua kofia na kutembea kwa vidole, mtu mzima, mchana kweupe. Ndani, kigoda cha marehemu kilikuwa ukutani, hakuna aliyekikalia. Koti la kanisani lilining'inia kwenye msumari, mkono mmoja umegeuka ndani nje vilevile kama siku ile. Nani angethubutu kuunyoosha?

Esnah alileta mawe kwenye kitambaa, akayahesabu mbele yake, moja hadi sita. Onsongo akayatia, akazungusha swichi.

Kimya. Haikukwaruza, haikuguna. Mbele ya kigoda kile, kimya kilikuwa na mwenyewe.

"Ni saa ngapi?" Esnah akauliza.

"Kumi kasorobo."

Akayatoa mawe, akayajaribu mawili mawili kwenye tochi. Taa ikawaka, nyeupe, mawe mazima. Akayarudisha. Kimya. Yule Mhindi wa Kisii alimfundisha kwamba kosa hukaa pale mkono wa mwisho ulipopita, na mkono wa mwisho ulikuwa wake, kwenye swichi. Akaifungua redio, akaivuta kila waya aliyoilehemu. Zilishika. Bisibisi ikamdondoka mara mbili. Alitamani kusema, Mzee, nisamehe, mimi nilimwita tu aingie asinyeshewe. Mwishowe alisema kweli, kwa sauti, na Esnah akamsikia.

"Usimwombe huyo," Esnah akasema. "Mwanangu alienda kwa miguu yake. Tengeneza redio."

Kumi kasoro dakika tano. Onsongo akashusha pumzi, na akili ikamrudia.

"Mama, kabla yangu mimi, kabla ya mawe mapya, nani aliigusa mwisho?"

"Ni yeye. Ijumaa, jua likienda kutua. Kila Ijumaa anaigeuza, anaiinamia hapo nyuma kidogo. Jumamosi jua likitua, anaiinamia tena. Mimi nilijua anaiombea. Si alikuwa anasema redio yake inaijua Sabato? Mtu akijaribu kuifungua Sabato, inanyamaza. Hata wageni waliogopa."

"Na Jumamosi ile jioni?"

"Jumamosi ile jioni alikuwa amelala hapo, amefunikwa shuka."

Onsongo akayamwaga mawe yote mezani. Akaingiza kidole ndani ya nyumba ya mawe, mpaka chini kabisa, ambako bamba la shaba hupokea moto wa betri. Kucha ikashika ukingo wa kitu. Akavuta, kikatoka kikaratasi kigumu, chembamba, kilichokatwa kwa mkasi kikae sawa juu ya bamba, kimechakaa hata kufanana nalo rangi. Kikiwa mahali pake, mawe yasingegusa shaba hata yangekuwa mia; kibandani redio ilisema kwa sababu waya za sanduku zilikipita. Kumbe huo ndio ucha Mungu wa ile redio! Mzee alikuwa akiifunga Ijumaa na kuifungua Jumamosi jioni, na Sabato yake ya mwisho hakuwahi kuifungua. Miezi mitatu nyumba ile ilikuwa ndani ya Jumamosi moja.

Akakigeuza kikaratasi. Ilikuwa kadi ya shule ya Sabato ya mtoto, ya zamani, yenye nyota za kubandika. Jina lilikuwa limeandikwa kwa wino: Makori Nyasani. Pembeni, kwa penseli na mwandiko wa uzee, palikuwa na vistari vidogo, kimoja kwa kila Ijumaa tangu kijana aondoke. Onsongo hakuvihesabu. Alimpa Esnah kadi, akarudisha mawe, akazungusha swichi.

Redio ikasema.

Mtangazaji alikuwa amekwisha kuanza, akizisoma kadi kwa haraka, majina ya watu na ya miji. Waliketi bila kupumua. Drusilla alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Kadi ya tisa, au ya kumi:

"Makori Nyasani, wa mashine ya mbao, Molo, anamsalimu baba yake Mzee Josiah Nyasani na mama yake Esnah, pia fundi Onsongo wa Keroka. Anasema: Baba, nimechagua Jumapili, ili nisikukosee tena."

Kisha jina la mtu mwingine, na mji mwingine.

Esnah hakulia mara moja. "Molo," akasema. "Hapo tu." Ndipo machozi yakaja, mengi, na Onsongo akalia naye bila kuona haya, kwa ajili ya mzee aliyemwogopa miaka miwili na ambaye kila Ijumaa alikishika kijina cha mwanawe kwa ncha za vidole.

"Kesho alfajiri nitapanda basi la Molo," akasema. "Mimi nilimwita, mimi nitamleta."

"Enda," Esnah akasema. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akainuka, akaenda kwenye lile koti, akaunyoosha ule mkono uliogeuka. Kisha akarudi mezani na kadi kiganjani, akaigeuza redio mgongo.

"Lakini kwanza nionyeshe alivyokuwa anaiweka," akasema. "Ijumaa haiko mbali."