Uchaguzi Siku Moja, Maharage Miezi Mitatu

Nikikaa kuchambua maharage hapa Kasulu, mume wangu hunicheka. "Mama watoto, unachambua au unaswali?" Mwache acheke. Maharage haya madogo ya njano nimeyapanda tangu nilipokuwa mama kijana kule Mabamba mpakani, na mbegu yake niliachiwa na bibi mmoja aliyekataa kuuamini uchaguzi mpaka auone shambani.

Alikuwa bibi wa ng'ambo, Burundi. Vita vilipowatoa kwao, yeye na binti yake walifikia kwetu, maana marehemu mama yangu alikuwa na udugu nao wa kuoleana. Mpaka haukuwahi kuzuia harusi. Wenzao wengi walikwenda kambini. Bibi naye aliionja kambi, akasema hawezi kulala mahali ambapo kila mtu anamsikia mwenzake akikoroma, akarudi kwangu na mkeka wake kwapani.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wala hakungoja kupewa! Kesho yake asubuhi nilimkuta shambani kwangu ameinama, anang'oa magugu na kunisema. "Mwanangu, hili ni shamba au malisho ya mbuzi?" Loo! Nilikasirika, kisha nikacheka, na tangu siku hiyo nikawa na mama tena. Mtoto wangu wa kwanza alikulia mgongoni kwake. Jioni tulikaa jikoni watatu, mimi, yeye na binti yake, moshi ukitutoa machozi bure, redio ikining'inia kwenye msumari, na Bibi akibishana na mtangazaji kana kwamba yule bwana anamsikia. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi ninamtamani.

Ndipo zikaja habari za uchaguzi kwao. Redio ilisema askari wa mataifa mengi, wale wa kofia za buluu, wameingia Burundi kulinda amani, na kwamba nchi za nje zimetoa masanduku ya kura, magari na waangalizi. Magari meupe yakaanza kupita Mabamba yakitimua vumbi. Siku moja wageni wa magari hayo waliwakusanya wakimbizi kwenye uwanja wa shule. Mgeni mmoja mrefu alieleza kwa mkalimani jinsi vituo vitakavyolindwa, jinsi kura zitakavyohesabiwa mbele ya watu, na kwamba atakayependa kurudi kwao atasindikizwa.

Bibi akanyoosha mkono. Moyo wangu ukaniambia leo tumekwisha.

"Na ninyi mtaondoka lini?" akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alijibu kwamba wataondoka kazi ikiisha.

"Asanteni kwa kutulinda," Bibi akasema. "Lakini uchaguzi ni siku moja. Maharage ni miezi mitatu. Mtu wa kukimbia hupanda, havuni. Mimi nitangoja kuvuna."

Mkalimani alipomaliza, yule mgeni alishuka akamshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili. Njia nzima Bibi alimsifu kwamba amelelewa vizuri. Lakini neno lake halikubadilika.

Binti yake hakuweza kungoja. Alitaka akapige kura, akaone shamba lao. Nilimfungia chakula cha njiani, muhogo wa kuchemsha na karanga, kwenye kikapu changu cha kifuniko. Kwetu, kama kwao, chombo cha watu hakirudi kitupu. Bibi akamwambia, "Kikapu hiki kirudi na maharage uliyoyapanda mwenyewe, shambani kwetu, ukayavuna. Hapo nitakuja. Bila hayo, nizikeni hapa hapa."

Aliposema kuzikwa, alitazama upande wa kwao. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu, alale kwao kando ya kaburi la mume wake. Na alichoogopa ni kurudi kwao halafu akimbie tena, kwa miguu ile iliyovimba, afie porini.

Siku matokeo yalipotangazwa, Mabamba ilijaa vigelegele. Wakimbizi walicheza ngoma hadi barabarani. Bibi alikuwa anamenya ndizi. "Wamelinda vizuri, Mungu awape maisha," akasema, kisha akaniuliza kama mawingu yameonekana.

Mimi nilikuwa naomba nchi yao itulie. Tena naomba kikapu kichelewe. Yote mawili kwa moyo mmoja, na sioni aibu kuyasema.

Kikapu kilikuja mapema, kimeletwa na mchuuzi wa chumvi, kimejaa mpaka kifuniko hakifungi. Bibi akamwaga maharage kwenye ungo: mekundu, meusi, meupe, yenye madoa. Akayatazama, akapiga makofi kwa kicheko. "Mvua imeanza juzi, haya yamekomaa lini? Mwanangu, haya ni ya sokoni, kila punje na kwao!" Tulicheka hadi mbavu zikauma. Maskini binti, alimkumbuka mama yake akashindwa kusubiri. Tuliyapika, tukala, tukakirudisha kikapu na unga wa muhogo ndani. Sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Masika yale, jamani! Tulipalilia pamoja, akinisema kuanzia mwanzo wa tuta hadi mwisho wake, mtoto wangu akilala mgongoni kwake. Kama ningeweza kuyafunga masika yale kwenye khanga, ningeyaficha.

Mvua zilipopungua kikapu kilirudi. Safari hii yalikuwa maharage ya njano matupu, bado kwenye maganda, mengine na mashina yake na udongo mizizini. Bibi alipasua ganda moja, akanusa, akaliweka shavuni. Akalia. Nami nikalia, kila mtu na lake. Kisha akanipimia mbegu kwa viganja vyake.

Siku ya malori ya kurudi, nilikijaza kikapu kile unga, chumvi na sabuni, nikampandishia garini. Nikajitia utani ili nisiaibike mbele za watu. "Bibi, kikapu changu kirudi, usinidhulumu!"

"Hiki nakaa nacho," akasema. "Miguu hii haivuki tena mto wa mpakani kwa matembezi. Ukiniona hapa na kikapu chako kichwani, jua nimekimbia. Usikiombe, mwanangu."

Miaka ilipita, nikahamia Kasulu. Ukaja uchaguzi mwingine kwao, mambo yakachafuka, watu wakaanza kuvuka tena. Nilipanda basi hadi Mabamba, nikasimama pale wanapopokelewa, nikitazama vichwa vya watu: magodoro, masufuria, vikapu. Kila kizee aliyeinama alinirusha roho. Nilimtafuta mpaka jua likazama, na muda wote huo nilikuwa namwomba Mungu nisimwone.

Sikumwona. Nikarudi nyumbani, nikabandika maharage yake.

Kikapu changu hakijarudi.