Hatua Arobaini za Mwenyekiti Mahona

Mimi Scola ndiye katibu wa chama chetu cha wachimba malambo, kwa hiyo nikisema Mahona ni mbishi, jua nimeuandika ubishi wake kwenye madaftari matatu. Mzee huyu wa Ngulyati amezoa tope tangu ujana wake. Lambo limejaa udongo, ng'ombe hawana pa kunywa? Mwite Mahona. Anakuja na koleo lake na dume lake jekundu la ng'ombe, la kukokota tope, lenye tumbo kubwa na mwendo wa polepole wa kusalimia watu. Analiita Diwani. Mkewe Nyanjige akikohoa, Mahona humwambia apumzike. Diwani akikohoa, anaita daktari.

Zamani kazi yetu ilikuwa na siri moja ya aibu. Tope tulilimwaga pale pale ukingoni. Mvua ikinyesha linarudi, na mwaka unaofuata tunaitwa tena. Lambo la Sapiwi Mahona alilichimba mara nne, mpaka akawa analiita shamba lake. Watu wa Sapiwi wakachoka, wakatangaza kwamba sasa wataleta katapila. Hapo ndipo akili zikatujia tukaunda chama, ili kazi iwe na kanuni moja na anayeivunja aadhibiwe na wenzake. Uenyekiti tukampa Mahona, kwa sababu ujanja wote wa kazi hii alikuwa anaujua.

Katiba aliiandika mwenyewe, nyumbani kwake, siku tatu nzima. Kifungu cha nne: tope limwagwe hatua arobaini kutoka ukingoni. Kifungu cha tano: anayekiuka achenywe, kama desturi yetu Wasukuma, yaani achinje ng'ombe alishe wanachama wote, na yeye ahudumie tu, asionje hata mchuzi.

“Ikiwauma ndiyo watashika adabu,” alisema, akacheka sana.

Mwaka jana tukapata kazi ya lambo la Ngulyati. Upande wa mashariki waliushika Mahona na Diwani. Mvua ya kwanza ikanyesha, na upande ule maji yakawa mazito kama uji. Luhende, mkaguzi wetu, mtu mrefu anayeinama kwenye kila mlango, akaenda kupima. Tope la mwenyekiti lilikuwa hatua kumi na moja kutoka ukingoni.

Tukaitana kikao pale pale lamboni.

“Mwadila, wanachama,” Mahona alisalimia, ametulia kabisa. “Hatua za Luhende ni za twiga. Kifungu hakisemi hatua za nani. Mimi nilipima kwa zangu.”

“Basi pima tukuone, mwenyekiti,” nikamwambia.

Akapima, jamani! Kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, kama bi harusi anayetolewa ndani. Akafika arobaini pale pale kwenye tope lake. Watu walicheka mpaka mwanachama mwenzetu Dastan akakaa chini. Mimi nilikasirika. Watu wa Sapiwi wakisikia mwenyekiti mwenyewe anachakachua, katapila linakuja, na sisi wote turudi kupalilia pamba za watu. Mahona naye alilijua hilo. Jasho lilikuwa linamtoka, maana Diwani alikuwa amefungwa pembeni, anacheua, na ng'ombe mwingine hana.

Nyanjige, aliyekuwa ametuletea uji, akatua ndoo yake.

“Katibu, naomba kusema.”

“Sema, mayu, mama yetu.”

“Huyu bwana alipoandika kifungu hicho alitaka kuona arobaini inafika wapi. Akapima kutoka mlango wa zizi mpaka jikoni kwangu, kwa miguu yake hiyo hiyo. Akapata thelathini na sita. Akasema namba hiyo haikai vizuri kwenye katiba, akahamisha mafiga yangu! Tangu siku hiyo napikia nje ya paa. Mvua ikinyesha nasonga ugali na mwavuli mkononi. Kapimeni!”

Tukachukua kamba, tukapima kutoka zizini hadi kwenye mafiga, tukarudi nayo lamboni. Kamba ikalipita tope la Mahona, ikapita kichuguu, ikaishia kwenye shamba la pamba. Mahona akaifuata mpaka mwisho wake.

“Nilichoka,” akasema. “Na mazoea nayo.”

Luhende akamwonea huruma, akapendekeza tupokee mbuzi.

“Kifungu kinasema ng'ombe,” Mahona akamjibu, akaenda kumfungua Diwani mwenyewe.

Siku ya kuchinja niliona uchungu, nasema kweli. Mahona alizunguka na sinia akitugawia nyama ya dume lake, hamtazami mtu usoni. Baadaye Nyanjige akamwita jikoni. Nikawafuata, ukatibu ni umbea kidogo. Alikuwa amemfichia kipande cha nundu chini ya bakuli.

“Kula, baba Shija. Hakuna anayeona.”

“Katibu anaona.”

“Mimi sijaona kitu,” nikasema haraka.

Mahona alikitazama kile kipande, machozi yakamlengalenga.

“Kifungu cha tano,” akasema, akalisukuma bakuli.

Kisha akauzima moto, akangoja mafiga yapoe, akayabeba moja moja kuyarudisha chini ya paa. Nilimhesabia hatua. Zilikuwa nne, tena ndefu.