Besi Tupu Kwenye Karaoke ya Kijapani

Leo nimeimba Kijapani mbele ya Mjapani, na sijutii!

Bosi wetu wa gereji Mikocheni anarudi kwao Japani, mchana tukamuaga kwa karaoke. Wenzangu wakakimbilia nyimbo za juu, sauti zikawakatikia njiani. Mie mwenye sauti nzito nikachagua wimbo wa taratibu, wa wazee wa kwao. Maneno nilishayakariri yote.

Nikaanza. Bosi akakunja uso.

"Festo, huu wimbo gani?"

Hapo ndo nikashtuka. Kwaya yetu ya Mtoni mie naimbaga besi tangu nivunje sauti. Kumbe nyumbani nilivyokuwa nausikiliza ule wimbo, nikautungia besi bila kujijua. Sauti ya kwanza, inayobeba wimbo wenyewe, siijui kabisa!

Niache? Thubutu! Nikakaza.

Bosi akachukua maiki ya pili, akaingia na sauti ya kwanza juu ya besi yangu. Jamani! Hata wenzangu waliokuwa wananicheka wakasogea kusikiliza.

Wimbo ulipoisha, mashine inayopima uimbaji ikatupa alama za aibu.

Bosi akazitazama, akabonyeza wimbo uleule tena.

Haya, nani anabisha nimechagua vibaya?