Nilimfundisha Mjukuu Wangu Kumdanganya Daktari wa Raga

Kosa ni langu. Nalitaja kwanza, kabla sijamtaja mtu mwingine yeyote.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane wa polisi, nakaa Kibuli, hapa Kampala, chini ya msikiti. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe mwandiko. Lakini akili ninayo, na siku nilipofanya nililofanya nilikuwa nayo yote. Siwezi kusingizia uzee.

Nina mjukuu. Nitamwita Hawa, ingawa si jina lake. Mama yake alifariki Hawa akiwa na miaka mitatu, nikamlea mimi. Ananiita Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Tunalala chumba kimoja, kitanda chake na changu vimeachana hatua mbili. Kumbukeni hilo, maana ndilo linalonihukumu.

Raga alianzia sekondari. Mwanzoni nilikataa. Wasichana kushikana viuno na kuangushana matopeni, na hizo kaptula! Hawa hakubishana nami. Alikwenda akarudi amevaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptula na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni akaniuliza, "Sasa Haboba, unaona nini?" Sikuona kitu. Nikamwacha aende.

Alipofika miaka ishirini na moja akachaguliwa timu ya taifa ya wanawake. Namba saba. Kazi ya namba saba, nilivyokuja kuelewa, ni kumfukuza aliyeshika mpira na kumwangusha kabla hajafika mbali.

Niwaambie kwa nini jezi ile ilinipanda kichwani. Baada ya vita vya themanini na sita, serikali ilipobadilika, sisi Wanubi tulitazamwa vibaya. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan kama askari, na waume zetu wengi walikuwa jeshini na polisi. Siku moja nimepanga foleni ya sukari Nakasero, mwanamke mmoja akanigeukia, "Nyinyi bado mpo? Rudini kwenu Sudan." Sudan mimi sijawahi kuiona. Nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa. Nilitoka kwenye foleni ile bila sukari, na maneno yale nimekaa nayo tangu siku hiyo.

Basi fikirieni nilipomwona mtoto wangu amevaa rangi za nchi, mkono kifuani, anaimba wimbo wa taifa. Nilijiambia: haya, aje sasa mtu aniambie nirudi kwetu.

Halafu mashindano ya wanawake ya Afrika yakaja kuchezwa hapa hapa Kampala. Mtaa mzima ulijua. Kwenye harusi wananiweka mbele. Hajati Rukia, jirani yangu, mwenye ulimi wa kuchoma, akaanza kuniita Mama Raga. Nilijifanya nachukia.

Wiki tatu kabla ya mashindano, Hawa aligongwa kichwa mazoezini. Goti la mwenzake lilimpata kwenye kipaji cha uso. Walimleta nyumbani kwa gari, akiwa na daktari wa timu, binti wa Kikenya, mpole, Kiswahili chake kizuri. Akaniambia, "Nyanya, huyu apumzike. Asicheze mpaka kichwa kitulie kabisa. Nitakupigia simu kila siku, uniambie amelalaje, ametapika au hakutapika, mwanga unamsumbua au haumsumbui. Yeye mwenyewe atanificha, nawajua hawa wachezaji. Nakutegemea wewe."

Nikamjibu, "Usijali, mwanangu."

Asubuhi Hawa alitapika mara mbili. Aliniomba nifunge pazia. Alikaa kitandani akiwa ameshika kichwa kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Simu ikalia.

"Nyanya, ameamkaje?"

"Mzima. Amekunywa chai na mandazi matatu."

Uongo ulitoka mdomoni laini, bila hata kukwama. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Hawa alinisikia, na nilipokata simu akaniambia polepole, "Haboba, nafikiri nimwambie ukweli. Nikisimama chumba kinazunguka."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, nikaufunga mwenyewe. Nikamwambia, "Umwambie nini? Kwamba kichwa kinauma? Nani kichwa hakimuumi? Babu yako alikuwa anakwenda gwaride na malaria, jasho linamtoka, hakuna aliyejua. Katika laini za nyumba za polisi Naguru, mtu aliyekwenda kulalamika kwa daktari siku ya gwaride alichekwa mpaka na watoto."

"Babu alikuwa anasimama tu, Haboba. Mimi ninaangushwa."

"Na utasimama. Jeshi zima la Wanubi linakutazama."

Akajilaza tena. Amelelewa kunyamaza ninaposema, na mwalimu wake ni mimi.

Sasa sikilizeni sehemu mbaya zaidi. Ili aruhusiwe kucheza, ilibidi apite mtihani wa daktari. Mwenzake mmoja wa timu alimkumbusha Hawa vile unavyokuwa: unataja miezi kuanzia mwisho kurudi nyuma, unasomewa namba uzirudishe kinyume, unasomewa maneno matano na baadaye unaulizwa uyakumbuke, halafu unasimama kwa mguu mmoja. Maneno yale timu nzima iliyasikia ilipopimwa mwanzo wa msimu, na daktari hakuwa na orodha nyingine. Kiti, mvua, shati, ng'ombe, daraja.

Mimi kwa miaka thelathini nimefundisha watoto wa mtaa huu kuhifadhi sura za Kurani. Mtoto gani mzito wa kichwa kanishinda? Hakuna. Najua jinsi ya kulipandisha neno mpaka linakaa ulimini lenyewe, hata mtoto akisinzia linaendelea. Kazi hiyo ya heshima, niliyoifanya kwa ajili ya Mungu, nikaigeuza.

Kila alasiri nilikaa mkekani nafuma sinia zangu za ukindu, Hawa ameegemea ukuta, pazia limefungwa. Nagonga sinia kwa sindano ya kufumia, anaanza.

"Disemba, Novemba, Oktoba, Septemba." Anakwama, ananitazama kama ameingia nyumba ya watu.

"Endelea."

"Septemba... Haboba, baada ya Septemba kuna nini?"

Mtoto aliyemaliza sekondari, anayesomea ualimu, ananiuliza mimi wa darasa la nne baada ya Septemba kurudi nyuma kuna nini. Mwenye moyo angetupa sindano na kushika simu. Mimi niligonga sinia. "Agosti. Anza tena."

Alianza tena. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tano alifika Januari bila kukosea. Siku ya nane alikuwa anataja akiosha vyombo, na maneno matano juu yake, bila kufikiri hata kidogo. Na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe, maana mtihani ule ulitaka kujua kama anaweza kufikiri. Kusimama kwa mguu mmoja tulifanyia kwenye ua, ameshika kamba ya nguo, kisha bila kamba.

Alipita. Daktari alinipigia kunipongeza. "Nyanya, umemtunza vizuri." Nikamwambia Alhamdulillah. Nilimtaja Mungu juu ya jambo lile.

Siku ya mechi nilivaa gurbaba yangu, vazi letu la sherehe, nikapanda boda na Hajati Rukia nyuma yangu ananisukuma mgongo. Sikuwahi kuingia uwanja wa raga. Tulikaa mbele, karibu na mstari. Wageni walikuwa wasichana wakubwa, mapaja kama vinu. Hawa alikuwa mdogo kati yao, lakini mara ya kwanza alipomwangusha mmoja, watu wakasimama wote, na Hajati akapaza sauti, "Huyo ni wa Kibuli! Bibi yake huyu hapa!" Watu wakageuka kunitazama. Sitaongopa, nilijisikia kama nimepakwa mafuta.

Kabla ya mapumziko kulitokea rundo la wachezaji juu ya mpira. Refa akapiga filimbi, wakaamka mmoja mmoja. Hawa aliamka wa mwisho. Akajipangusa magoti, akatembea taratibu, akaenda kusimama kwenye mstari wa wageni. Amesimama kati yao, mikono magotini, anangoja mpira nao.

Uwanja ukacheka. Hajati alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama Raga, mjukuu wako katuhama! Kaolewa upande wa pili!"

Mwenzake akamvuta jezi kumrudisha, naye Hawa akamfuata, bado anatazama nyuma.

Mimi sikucheka. Nilijua. Katika watu wote wa uwanja ule, ni mimi peke yangu niliyejua. Na daktari alikuwa hapo, hatua kama kumi na tano kutoka nilipokaa, amepiga goti anaziba pua ya msichana mwingine inayotoka damu, hakuona. Nilisimama. Niliinua hata pindo la gurbaba ili nitembee.

Mtu nyuma yangu akasema, "Bibi, kaa, unatuziba." Mwingine akasema, "Muache, huyo ni bibi ya namba saba."

Nikakaa. Jamani, nilikaa. Nilijiambia bado dakika chache wapumzike, atakunywa maji, atatulia. Nilijiambia nikimtoa leo watasema mtoto wa Kinubi alishindwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiria.

Haikupita dakika tano. Msichana mmoja wa wageni alikuja na mpira pembeni, upande wetu kabisa, nasikia miguu yake. Hawa akamfuata. Mchezaji wa namba saba anajua kichwa kinapita nyuma ya anayeangushwa. Kocha aliwafundisha hilo kabla ya jambo lingine lolote. Hawa alikipitisha mbele. Kikakutana na nyonga ya yule msichana. Nilisikia.

Yule msichana aliamka. Wangu hakuamka.

Hospitali alilala siku nne bila kufungua macho. Walimfungua fuvu kuondoa damu. Siku ya kwanza daktari wa timu alikaa nami kwenye benchi, ananishika mkono, ananiambia, "Nyanya, sielewi. Mtihani alipita vizuri kabisa. Sijui nilikosea wapi." Nami nikamwacha anishike mkono.

Daktari aliondolewa kwenye timu. Waliona alimruhusu mgonjwa kucheza. Nilimwacha abebe hilo miezi mitatu. Mwishowe nilikwenda nikawaambia viongozi wa timu, kisha nikamfuata alikohamia kufanya kazi nikamwambia yeye. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unalala naye." Akaniuliza kama nina njia ya kurudi nyumbani. Timu hawakumrudisha.

Sasa ni mwaka na nusu. Hawa anatembea kwa kushika ukuta. Ualimu umekwisha, ukurasa mmoja wa kitabu unamtapisha. Mambo ya zamani anayakumbuka yote, hata nyimbo za marehemu mama yake. Mapya hayakai. Unamwambia jambo asubuhi, alasiri limekwenda.

Mashindano hayakumbuki. Hajui kama alivaa ile jezi mbele ya mtaa wake. Ananiuliza, "Haboba, mashindano bado?" Namwambia yamekwisha. "Nilicheza?" Namwambia ulicheza. "Tulishinda?"

Siku moja nilishindwa kuendelea hivyo, nikamweleza yote: simu za daktari, miezi, ile dakika niliyosimama nikakaa. Alisikiliza. Akaweka mkono wake begani pangu, akasema, "Basi, Haboba, usilie." Niliona kama Mungu amenitua mzigo.

Kesho yake aliamka hajui lolote. "Haboba, mashindano bado?"

Nikamweleza tena. Safari hiyo aligeukia ukutani, hakusema nami mpaka jioni, halafu hata hasira ikamtoka, maana alisahau sababu yake. Nimeungama kwake mara nyingi, sihesabu. Kila mara ni mara ya kwanza kwake. Siku nyingine ananisamehe, siku nyingine ananiangalia kama mtu wa foleni ya sukari alivyoniangalia. Msamaha ukija haukai, na hasira nayo haikai. Hakuna hata kimoja nitakachobaki nacho.

Wajukuu wenu wanacheza, na mimi siwaambii muwakataze. Raga haikumvunja mtoto wangu. Wengine aliocheza nao bado wanacheza, wana afya, Mungu awalinde. Nawaambia bibi wenzangu na kina mama: kiburi chenu msikiweke kwenye kichwa cha mtoto. Mkikosewa na watu, jibuni wenyewe kwa midomo yenu, msimtume mtoto akawajibie kwa mwili wake.

Na daktari akikupigia kukuuliza mtoto amelalaje, mwambie alivyolala.