Kwenu Mwanzo ni Upande Upi

Fundi anayejalidi vitabu pale Kizota huongea taratibu, sindano ameibana kwa meno. Kabla ya kushika kitabu chochote cha dini hunawa gundi vidoleni kwa maji mapya, kiwe cha msikitini, cha kanisani au cha yule Mhindu wa duka la vitambaa, kisha humuuliza mwenye kitabu, "Kwenu mwanzo ni upande upi?"

Mwinjilisti Yoramu alipofuata Biblia yake aliyoileta kujalidiwa, alimkuta akishona msahafu. Mwaka huo mihadhara ya dini ilipamba moto viwanjani, na mfukoni alikuwa na karatasi ya hoja za kumnyamazisha Swalihu, mwalimu wa madrasa, jioni ileile. "Fundi, umekosea! Jalada la mbele umelishona nyuma."

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Nyuma kwako, mwinjilisti. Mwenyewe husoma kutoka kulia, huanzia hapo."

Yoramu akaiangalia Biblia yake inayokauka gundi kando ya msahafu ule. Swalihu alipoingia kuuchukua, walisalimiana kwa ubaridi. Ndipo Yoramu akauliza, "Mwalimu, hapo mwanzoni panasemaje?"

Swalihu alikuwa na majibu ya kila hoja. Hilo hakuwahi kuulizwa na Mkristo. Akavuta kigoda, akaketi.